Ubeti wa Tano wa Benigna

Alhamisi hiyo Benigna aliingia dukani kwa mwanawe Saimon, mtaa wa Lizaboni, na kapu la maparachichi mkononi. Saimon alimwamkia shikamoo mama bila kuinua macho kwenye mashine ya kutolea kopi, naye akaitikia marahaba, akavuta kiti chake kile anachokikalia kila Alhamisi akitoka sokoni. Hakuhitaji kuomba. Saimon alibonyeza kompyuta, na wimbo wa shamba la Litisha ukaanza: kayamba kwanza, kisha sauti ya Ida, mwenzake wa kikundi cha ngoma, kisha yake mwenyewe, ile sauti ya wakati angali na meno yote.

Wimbo ule anaujua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake gizani. Beti nne za kuitikiana, kisha kayamba zinanyamaza, kisha ubeti wa tano ambao anauimba peke yake. Basi beti nne zikaisha, kayamba zikanyamaza, ukaingia wimbo mwingine kabisa.

Akamwambia Saimon arudishe, umeruka. Saimon akarudisha. Ukaishia palepale.

"Kaseti ilishachakaa, mama," Saimon akasema. "Mambo ya zamani hayo."

Kaseti ile Benigna aliitunza mwenyewe miaka thelathini ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kila kiangazi aliitoa akaipiga mara moja ili utepe usishikane. Kama ingechakaa, angekuwa wa kwanza kujua.

Sasa, asiyeujua ubeti huo atasema bibi huyu anahangaikia kitu gani. Benigna ni mzaliwa wa Litisha, alimaliza darasa la saba wakati wasichana waliofika huko kijijini kwao walihesabika kwa vidole, na mpaka leo mwandiko wake hauna mkwaruzo. Aliolewa na Rupert, wakapata watoto wawili, Saimon na Pamela. Mwaka themanini na nane Rupert akaenda Nakapanya, Tunduru, kwenye biashara ya korosho, akasema miezi mitatu. Mwaka wa pili ikaja habari kwamba amejenga huko na ana mwanamke. Ndugu zake hawakusubiri. Walisema shamba la mahindi ni la ukoo wao na Benigna alipishe, wakati kisiki cha mwisho kwenye shamba lile aliking'oa yeye na mimba ya Pamela tumboni. Wazee walikaa mara mbili. Mara zote mbili walimwambia avumilie, maana mwanamke aliyeachwa hana neno mbele ya ndugu wa mume.

Lakini alikuwa kwenye kikundi cha ngoma cha kina mama, na kikundi chao kilikuwa na sheria yake. Aliyetunga wimbo alijitaja kwenye ubeti wa mwisho: jina lake, jina la baba yake, na jambo lililomfanya atunge, pamoja na jina la aliyehusika. Na mtu akishafika kwenye ubeti huo hakatizwi, hata kama anayetajwa ni mwenye sherehe. Kwenye harusi moja, wazee walewale wamekaa mbele na vibuyu vyao vya pombe, Benigna alisogea katikati akaimba:

"Anayeimba ni Benigna wa Alfonsi, wa Litisha. Kisiki nimeng'oa mimi, jembe langu linajua. Rupert kashika njia ya Nakapanya, na ndugu zake wanataka kuvuna jasho nililotoa."

Kabla mwezi haujaisha watoto waliokwenda kisimani walikuwa wanauimba. Mashemeji hawakuweza kupeleka mahindi mashineni bila kuusikia. Wakaliacha shamba, na shamba hilo ndilo lililomsomesha Saimon mpaka akafungua duka, likamsomesha Pamela mpaka akawa mwalimu. Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja mwenye radio kaseti aliwarekodi kwenye sikukuu ya mavuno, akamwachia Benigna kaseti. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Ni Saimon aliyezitoa nyimbo kwenye kaseti, nyimbo arobaini na moja, akaziweka kwenye kompyuta, kaseti yenyewe ikabaki kwake. Kisha akafanya jambo ambalo Benigna alilisifia mtaa mzima. Alifunga programu ya kuzifanya mashine zote ziwe kama moja: kompyuta ya duka, laptopu ya Pamela kule Ruhuwiko, kompyuta ya parokia anayoitunza Aidan wa kwaya, na simu ya kupangusa ya Benigna mwenyewe. Mradi kuna intaneti, ukiongeza wimbo huku, na kule umeongezeka. Ukirekebisha jina huku, na kule limerekebishika. Benigna alikaa na watoto wake Jumapili tatu akiwatajia majina sahihi, nani aliitikia, nani alipiga kayamba, mpaka orodha ikanyooka. Aliwaambia sasa anaweza kufa kesho, nyimbo ziko sehemu nne.

Basi palepale dukani akatoa simu kwenye kanga, akavaa miwani, akautafuta wimbo. Beti nne. Kayamba zikanyamaza. Na sauti yake ikatoka, peke yake, inajitaja.

Dukani palikuwa na mteja mmoja anasubiri kopi za cheti. Saimon alimpa kopi zake haraka, akasahau kumrudishia cheti, mteja akarudi mlangoni kukidai.

"Bando lako limeisha lini, mama?" Saimon aliuliza.

Lilimwishia Jumapili, na kwa kawaida ni yeye Saimon anayemnunulia.

"Nipe simu nikuunge na intaneti ya hapa dukani. Ya bure."

Alishanyoosha mkono. Benigna aliutazama mkono ule, akamtazama mwenyewe usoni, na Saimon akaangalia mashine ya kopi, iliyokuwa imezimwa.

"Saimon. Ukiniunga, wimbo huu utabaki na beti tano?"

Mwanawe hakuwahi kuweza kumdanganya akiulizwa jambo waziwazi, tangu akiwa mtoto wa kuiba sukari.

"Hautabaki, mama. Simu itachukua ule mpya."

Ndipo akasema yote, akiwa amesimama. Ubeti ulikatwa Jumatatu kwenye laptopu ya Pamela, na mashine nyingine zikafuata zenyewe. Pamela alimpigia Jumanne kumweleza. Na sababu ni kwamba baba yupo kwa Pamela, Ruhuwiko. Ni mgonjwa. Yupo tangu mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu. Benigna alihesabu kimoyomoyo. Sasa ni mwezi wa nane, na miezi yote hiyo Pamela amekuwa akimwambia nyumba inapigwa rangi, mama usije, vumbi litakuumiza kifua. Alilaza simu kwenye kanga, akaifunga fundo, akaondoka. Kapu la maparachichi lilibaki pale chini.

Bajaji ilimshusha Ruhuwiko mbele ya nyumba isiyo na rangi mpya popote. Kibarazani alikaa mzee mwembamba mwenye blanketi magotini, na pembeni yake, juu ya stuli, laptopu inaimba nyimbo za kina mama wa Litisha.

"Mama Saimon," mzee alisema.

"Baba Saimon."

Miaka zaidi ya thelathini na mitano, na hawakuwa na la kuanzia ila hilo. Pamela alitoka na kikombe cha uji, akamwona mama yake, uji ukamwagikia vidole. Alianza kusema mengi kwa pamoja. Baba aliletwa na lori, hana mtu tena kule, angemtupa wapi? Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Na nyimbo, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeziomba, zinampoza.

"Ubeti wangu nao ulimuumiza?"

"Wakwe zangu wanakuja kumwona, mama. Wanakaa hapohapo. Baba anatajwa jina mbele yao kama mwizi. Nitauficha wapi uso wangu? Nikasema ni ubeti mmoja tu, wimbo wenyewe upo."

Rupert alikohoa muda mrefu, akainua kiganja ili asubiriwe.

"Mimi sikumtuma," alisema. "Ubeti ule naujua. Ulinifikia Nakapanya kabla msimu wa korosho haujaisha, makuli wakauimba ninapita. Ni haki yako. Leo nimemuuliza Pamela mbona unaishia njiani, ananiambia kaseti imechakaa."

Benigna alikuwa amejiandaa kumchukia huyu mzee. Njia nzima kwenye bajaji alikuwa akipanga maneno yake. Sasa akajiona hana pa kuyapeleka, maana aliyetajwa ameukubali ubeti kwa mdomo wake, na waliokula mahindi ya shamba lile ndio waliouchukulia mkasi, wakakubaliana kwa simu kumwambia uongo mmoja.

Pamela alilia. Akasema ampe simu, ina wimbo kamili, atauhamisha kwa waya sasa hivi, utarudi kote, hata parokiani, dakika tano tu. Na Benigna alijua kwamba inawezekana. Alilishika lile fundo la kanga.

"Kesho wakija wakwe wengine?"

Pamela aliufuta uji vidoleni.

"Hizo zenu kaeni nazo," Benigna alisema. "Mimi nimejitoa. Anayetaka kunisikia mpaka mwisho, aje nyumbani kwangu aniamkie."

Akamuaga Rupert kwa adabu, akamtakia nafuu, kwa sababu ndivyo mgonjwa anavyoagwa.

Usiku hakulala vizuri. Jambo moja lilimkaa rohoni: simu ni kitu cha kuanguka. Mkononi mwake ubeti umebaki sehemu moja tu, kama kaseti ilivyokuwa. Asubuhi akaenda karibu na stendi, kwenye kibanda cha Muhsini, mtu wa makamo kutoka Tunduru anayeingiza nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu za simu. Alimwonyesha wimbo na kumwambia autie kwenye kadi mbili, moja ya kwake na moja ya Ida, ambaye simu yake ya vitufe inachukua kadi. Akamwekea na sharti, asiiunge simu hiyo na intaneti hata kidogo. Muhsini alichomeka waya, akavaa spika ya sikioni kuhakikisha, akasikiliza mpaka mwisho. Aliposikia Nakapanya inatajwa alitabasamu, kisha akaacha.

"Mama, kazi hii ni ndogo sana," alisema. "Huna watoto nyumbani wa kukufanyia?"

"Ninao wawili. Wanajua sana kompyuta."

Akakaa palepale dirishani akimtazama mikono, mpaka kadi ya pili ilipojaa.