Macho ya Parokia

Jumapili ya pili ya Kwaresima, mwaka wa 1996, baada ya komunyo na kabla ya baraka, Halmashauri ya Parokia ya Mtakatifu Petronila, Komarock, Nairobi, ilitangaza yafuatayo: kwamba kanisa jipya halitapakwa hata brashi moja ya rangi mpaka parokia iwe imelitazama lile kanisa dogo la Sistina, lililo ndani ya jumba la sanaa huko Roma, linalosifika dunia nzima kwa michoro yake, kwamba picha za vitabuni hazitoshi, kwa kuwa imani haijengwi juu ya nakala, kwamba kwa sababu hiyo parokia itatuma macho yake, kwamba macho hayo yatakuwa ya Bwana Kimeu Ndolo, na kwamba Bwana Kimeu atakwenda na tiketi ya kipaumbele, ambayo humpitisha mwenye nayo mbele ya wengine wote, ili aone upesi na aone vizuri.

Waumini walipiga makofi. Baadhi yao walidhani michango imekwisha.

Kimeu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, dirisha la tatu, na kwa miaka mingi nusu ya mitaa ya Eastlands ilikuwa imempitia pale ikitafuta cheti hiki au kile. Foleni kwake haikuwa msururu wa watu. Ilikuwa shamba: unapanda, unapalilia, unavuna. Aliyekuja mikono mitupu aliambiwa faili lake bado halijashuka, aje kesho. Aliyekuja na salamu za kueleweka, faili lilishuka lenyewe. Kimeu hakuwa mla rushwa, na angekasirika kusikia neno hilo. Alikuwa mtu anayekunywa chai, na chai alinunuliwa na watu wenye moyo.

Lakini mwaka ule serikali ilikuwa ikipunguza watumishi, na jina la Kimeu lilikuwa limetoka. Mwisho wa Juni dirisha la tatu lingepata karani mwingine. Pensheni ingemtosha, hilo alilijua. Kilichomnyima raha ni kitu ambacho hakilipwi na pensheni. Mtu aliyezoea kungojwa haumwi na njaa. Huumwa na kukosa wa kumngoja. Ndiyo maana alikitaka kiti cha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na alikitaka kuliko alivyowahi kuutaka ufalme wa mbinguni. Mwenyekiti wa ujenzi hungojwa na wauza saruji, hungojwa na mafundi, na huamkiwa na malori ya mchanga. Padre wa parokia, Father Amolo, alikuwa amesema mwenyekiti atachaguliwa siku ile ile ripoti ya Roma itakaposomwa.

Mpinzani alikuwa mmoja, naye alitosha: Mama Mwelu, muuza mapazia wa Mbotela, ambaye hajawahi katika maisha yake kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Yeye angekwenda Roma, ila alikuwa na duka la kuangalia. Kimeu alikuwa na likizo ambayo hakuna ofisini aliyetaka kumnyima.

Ili yaliyotokea Roma yaeleweke, inabidi kurudi 1971, siku Kimeu aliposhuka kutoka Mwala, kijana, na kuku mkononi wa kumpelekea mjomba wake. Katikati ya mji alisimama kutazama jengo refu. Bwana mmoja mwenye tai akamwonea huruma.

"Kijana, huwezi kuangalia ghorofa vizuri ukiwa na kuku. Leta nikushikie."

Kimeu akaangalia vizuri. Bwana yule anamshikia kuku mpaka leo.

Mjomba hakumpiga. Alimwambia tu: "Nairobi mtu haangalii juu. Anayeangalia juu ni mgeni, na mgeni ni mboga." Sheria hiyo Kimeu aliishika kuliko zile amri kumi, ambazo baadhi alikuwa amezilegeza kidogo kulingana na hali ya uchumi. Tangu siku ile, popote penye watu zaidi ya watatu, macho yake yalikaa usawa wa mifuko.

Sasa, sifa kubwa ya kanisa la Sistina iko darini. Hapo ndipo msanii alipotumia miaka minne ya maisha yake, na hapo ndipo dunia nzima huenda kutazama. Father Amolo, aliyesomea Roma, hakuona haja ya kulitaja jambo hilo, kama vile mtu hamwambii anayekwenda Mombasa kwamba bahari ina maji.

Walifika kwenye jumba hilo asubuhi, Kimeu na mahujaji wengine wa Kenya, wakiongozwa na mwanamke wa Kitaliano aliyeinua mwavuli mwekundu. Foleni ya watu wa kawaida ilikuwa imeuzunguka ukuta wa jumba lile mpaka ikapotelea kwenye kona. Mwavuli mwekundu uliipita. Kimeu alipunguza mwendo, maana raha ya namna ile hailiwi kwa haraka. Aliwatazama waliosimama kwa jicho la kitaalamu: yule amechoka, huyu atakata tamaa kabla ya saa nne, yule pale anaweza kusaidiwa. Wajerumani wawili waliokuwa wakimkodolea macho aliwaambia, kwa Kiswahili na kwa upole, waje kesho.

Ndani alikutana na jambo ambalo tiketi haikulitaja. Alikutana na wenye kipaumbele wengine. Walikuwa wengi, walitoka nchi zote za dunia, na wote walikuwa wakipitia ushoroba mmoja. Kipaumbele kikishagawiwa kila mtu, jina lake ni msongamano. Kimeu alibebwa na umati, mkono mmoja juu ya pochi, akapita masanamu na ramani na mazulia yaliyotundikwa, hata akajikuta amemwagwa ndani ya chumba kikubwa ambamo mlinzi alikuwa akipiga kelele watu wanyamaze.

Alichokiona mle kilimhuzunisha. Mamia ya watu wazima, wenye mavazi ya heshima na kamera za bei, walikuwa wamesimama wakiangalia juu, midomo wazi. Hakuna aliyeshika mfuko wake. *Maskini*, alisema Kimeu moyoni, *hawa nao wametoka mashambani kwao leo leo.* Mzee mmoja wa Kizungu mbele yake alikuwa amepinda shingo mpaka kofia ikaanguka, na mkoba wake begani ulikuwa wazi kabisa, pasipoti inachungulia. Hata sokoni Gikomba mwizi angeona haya kuuchukua, kwa jinsi ulivyokuwa rahisi. Kimeu, Mkristo, akanyoosha mkono na kumfungia zipu.

Mzee akageuka, akaukumbatia mkoba kama mtoto, akamtazama Kimeu kuanzia viatu, kisha akamsogeza mke wake mbali.

Kimeu aliumia sana. Alikuwa ameishi mjini robo karne bila kuitwa mwizi, angalau si kwa ajili ya mkoba wa mtu. Akatazama mbele kutafuta faraja, na mbele, ukutani, juu ya altare, akaona umati mkubwa wa watu wasio na nguo. Kwa kuwa parokiani yeye ni mkusanya sadaka, aliteremsha macho kwa heshima. Hivyo akabaki na sakafu. Ilikuwa sakafu safi, ya marumaru, yenye duara ndani ya duara, na Kimeu aliikagua kwa makini mpaka mwavuli mwekundu ulipowaita. Alitoka akiwa na pochi yake, utu wake, na maelezo kamili ya mahali alipokanyaga. Mlangoni alimnunulia mke wake Kamene pakiti ya kadi za picha, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni, akaitia mfukoni bila kuifungua.

Jumamosi alasiri, nyumbani, kesho yake ikiwa siku ya ripoti, Kamene aliweka sinia la ndengu magotini, akafungua pakiti.

"Baba Mutheu, hizi ndizo ulienda kuona?"

"Ndizo hizo."

"Na huyu mzee mwenye ndevu anaelea angani na shuka, ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu hapa. Si anamnyooshea kidole huyu kijana amelala uchi? Kwani uliwapita tu?"

Kimeu aliichukua kadi. Alikuwa hajawahi kumwona mzee huyo. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na maelezo kwa lugha nne, na Kiingereza kilisema bila kuficha kwamba hii ni sehemu ya katikati ya dari. Akachukua ya pili. Dari. Ya tatu, dari, upande wa mlango.

"Zote ni za siling," alisema Kamene polepole, akisoma juu ya bega lake. "Baba Mutheu, ulifika kweli?"

"Nilifika! Pasipoti si imegongwa muhuri?"

"Ukafika, ukaangalia nini?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

Kimeu alikohoa. "Sakafu."

Kamene alicheka mpaka ndengu zikamwagika. "Wuui! Watu wa Mwala! Mtu anatumwa macho, anapeleka viatu!"

"Kulikuwa na watu wengi, mama. Kila mtu ameangalia juu, mdomo wazi. Wewe unajua vile hiyo kitu huendanga."

"Kwa hivyo dunia yote ni washamba, mjanja ni wewe mmoja?"

"Walikuwa wanakaa hivyo."

Akaketi. Kicheko kilipoisha Kamene aliona kwamba mumewe amekuwa mdogo ndani ya kiti, kama koti lililotundikwa.

"Kesho Mama Mwelu atanimaliza," alisema Kimeu. "Na Juni ndiyo hiyo. Nikikosa hicho kiti, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa nikikaa hapa na wewe tukichagua ndengu."

"Na ndengu zimekukosea nini?" Kamene alifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya leso, akazipanga kadi mezani kama mtu anayegawa karata. "Haya, sogea. Huyu anaelea ni Mungu. Sema."

"Ni Mungu."

"Hapa ni gharika. Hawa wanapanda juu na vyombo vyao kama watu wa Mukuru mvua ikikolea. Sema."

Alisema. Alirudia mpaka maghrib.

Jumapili Kimeu alisimama mbele ya parokia akiwa na suti ya Roma. Alianza na sakafu, na alipofika sakafuni hata wazee waliokuwa wakisinzia walikiri kwamba huyu mtu alikuwa pale: aliwaeleza rangi ya kila duara na mahali marumaru ilipoliwa na miguu. Kisha akapanda darini. Huko alipita picha moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayeita majina dirishani, na hakusimama mahali popote kwa muda mrefu.

Mama Mwelu akainuka.

"Asante kwa mahubiri, Bwana Kimeu. Mimi ni mtu wa biashara tu. Hiyo siling unayosema, ni ya mbao, ni ya saruji, ama ni ya nini? Niambie hiyo moja tu, halafu nikae."

Kadi hazikuwa na habari hiyo, hata kwa lugha nne. Nje mvua ya Mei ilikuwa ikipiga mabati ya kanisa la zamani, na kati ya benchi yalipangwa mabeseni yale yaliyopangwa kila Jumapili tangu masika yaanze, kila moja likidondokewa kwa sauti yake. Kimeu alitazama chini, kama ilivyokuwa desturi yake, akaliona beseni lililokuwa mbele ya kiatu chake.

"Mama Mwelu," alisema, "mimi sitasema mengi. Ile dari haivuji."

Vigelegele vilipigwa. Mzee mmoja alisimama akaketi akasimama tena. Kijana wa kwaya alisikika nyuma, "Mzae ameua! Mathe keti!" na Mama Mwelu, ambaye alijua soko linapogeuka, akaketi.

Father Amolo aliinua mkono watu watulie. Alikuwa akitabasamu.

"Jambo moja, Bwana Kimeu. Mimi kila nilipoingia mle nilitoka na shingo imekakamaa. Wiki nzima siwezi kugeuka. Wewe shingo haikukusumbua?"

"Hapana, Father," alisema Kimeu. "Mimi nilikuwa na tiketi ya kipaumbele."

Father Amolo alimtazama. Alimtazama na Mama Mwelu pia, mwanamke ambaye angeuliza bei ya kila msumari na kutaka risiti yake. Kisha akatafakari miaka iliyo mbele yake, akilinganisha kufanya kazi na mwenyekiti wa namna ile na kufanya kazi na mwenyekiti ambaye haangalii juu.

"Tupige kura," alisema.

Kimeu alishinda. Kesho yake asubuhi, kabla hajamaliza chai, muuza mchanga alikuwa mlangoni, na nyuma ya muuza mchanga alikuwa muuza kokoto. Kimeu alimwambia Kamene awaambie wangoje. Kisha, ingawa chai ilikuwa imekwisha, akaketi akiisikiliza ile sauti ya watu wakibadilisha mguu wa kusimamia.

Kazi ya kupaka ilipewa Makokha, mchoraji wa mabango ya bucha kando ya Kangundo Road, mtu mwenye mkono mzuri hasa kwa ng'ombe. Makokha alisema hawezi kuchora kwa kusimuliwa, na kwamba maelezo ya mwenyekiti yalikuwa mazuri lakini yote ni ya chini. Akaomba kadi. Kamene alikataa, alisema zawadi ya mtu haipakwi rangi. Kamati ikakaa kikao chake cha kwanza, ikamtuma Makokha mjini, kwenye duka la vitabu vya dini.

Alirudi kabla ya saa sita, na kadi kumi na mbili, zile zile, zenye maelezo yale yale nyuma. Duka liko chini, unaingia moja kwa moja kutoka barabarani. Makokha anasema hakukuwa na foleni.