Panzi wa Kumlisha Buibui

Buibui mkubwa hali kitu kilichokufa. Anataka kinachotembea, kwa sababu macho yake, pamoja na wingi wake, hayamsaidii sana. Anasikia kwa miguu. Nilisoma hivyo katika kitabu cha maktaba ya chuo, Lubumbashi, nikaona si lazima niamini. Nilijaribu mwenyewe kwa vipande vya nyama ya ng'ombe. Nyama ilioza. Safari hiyo kitabu kilikuwa kimesema kweli.

Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, na chuo kilikuwa kimefungwa. Tulirudishwa kila mtu kwao, bila kuambiwa mpaka lini. Nilipanda treni ya kwenda Kalemie na sanduku la nguo na makopo mawili makubwa ya maziwa ya unga, vifuniko vimetobolewa kwa msumari. Ndani ya kila kopo alikaa buibui mmoja mwenye manyoya, niliyemchimbua shimoni nyuma ya mabweni. Mmoja alikuwa mdogo, sikumjali sana. Yule jike, mpana kama kiganja changu, ndiye aliyebeba kazi yangu ya kumaliza masomo: nilitakiwa kumfuga mpaka avue ngozi, kisha nieleze nilichokiona. Nilikuwa sijaona bado. Akifa kabla ya hapo, nilipaswa kuanza upya na mwingine, na hawa hawana haraka. Jike mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kuvua.

Nilifikia kwa mdogo wake mama, tuliyemwita Tantine, katika nyumba iliyo karibu na stesheni. Mumewe alikuwa fundi wa reli, nasi tulimwita Papa tu. Alifunua kopo, akafunika upesi.

“Ile minerval yote ya chuo tulilipa, njo ya huyu mududu?”

“Ndiyo, Papa.”

“Na akikomaa anakuwa nini? Mbuzi?”

Majirani walisema huyo akikuuma asubuhi, jioni wanakulilia. Nikauliza ni nani aliyewahi kufa hivyo. Kila mmoja alimfahamu mtu aliyemfahamu marehemu. Nilipotaka kujua nyumba ya marehemu iko mtaa gani, walianza kusema kwamba chuo kinaharibu watoto.

Shida yangu halisi ilikuwa chakula. Mende walikuwa wengi jikoni, lakini nyumba za reli zilipigwa dawa kwa pompe, na mende aliyepona dawa bado ameibeba mwilini. Kumbikumbi walimfaa yule mdogo. Kwa jike walikuwa kama punje ya mchele mbele ya mtu mwenye njaa. Walibaki nyenje na panzi. Nyenje niliwapata chini ya mataruma ya reli yaliyooza. Panzi niliwafuata alfajiri katika majani marefu kando ya njia ya reli, kabla umande haujakauka, maana mabawa yakilowa hawaruki mbali. Wale wa rangi ya njano na nyekundu, wanaonuka ukiwashika, niliwaacha. Nilichukua wa kijani na wa kahawia, wasiwe wakubwa kuliko tumbo la buibui. Kipimo hicho pia kilitoka kitabuni, na nilijiuliza sana nani alimshika buibui ampime tumbo.

Niliwaweka siku nzima katika kopo lao. Aliyeanza kutetemeka miguu au kulala chali nilimtupa, kwa kuwa huenda aligusa dawa mahali. Waliobaki niliwapa matembele na kipande cha papai, kwa sababu buibui anapomla panzi anakula pia alichokula panzi. Mwisho nilimvunja kila mmoja mguu mmoja mrefu wa nyuma, asiruke nje nikifungua kifuniko, nikamshusha ndani kwa kibano.

Ulipofika msimu wa panzi nilipata ushindani. Mji mzima ulikuwa ukiwaokota. Akina mama walikaa vibarazani wakiwanyonyoa mabawa na miguu, kisha chumvi, kisha kikaango. Siku moja nilirudi nyumbani nikakuta kopo langu la akiba ni tupu na Papa anakula bukari, ugali wa kwetu.

“Hawa wako wamenona,” alisema akitafuna. “Unawapatia nini?”

“Matembele, Papa. Na papai.”

“Njo maana. Endelea, Profesa. Sasa naona faida ya masomo.”

Nilicheka naye, nikaenda kutafuta wengine. Lakini hao wengine jike hakuwagusa. Panzi alimpanda mgongoni, naye akasogeza mguu tu, kama mtu anayefukuza nzi. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Tumbo lilianza kuwa jeusi na kung'aa. Papa alisema anakufa, nimtupe ziwani kabla hajanuka. Kitabu kilisema dalili hizo ni za buibui anayejiandaa kuvua ngozi, na kwamba wakati huo usimwachie mdudu hai, kwa kuwa ngozi mpya ni laini na hata nyenje anaweza kumtafuna. Sikujua nimsadiki nani. Tumbo jeusi linaweza pia kuwa ugonjwa. Kama ni ngozi, mdudu ni hatari. Kama ni ugonjwa, kumnyima chakula ndiyo hatari. Niliamua kuweka nyenje mmoja kila asubuhi na kumtoa kabla ya saa sita.

Siku moja nilimweka nyenje, nikaenda kwenye ofisi moja karibu na bandari, ambako wanafunzi tulikuwa tukiulizia habari za chuo. Habari hazikuwapo. Mvua ilitoka ziwani, ikatufungia humo mpaka baada ya saa nane. Nilirudi mbio nikipita ndani ya madimbwi, nikafungua kopo.

Jike alikuwa amelala chali, miguu imekunjwa juu. Kando yake palikuwa na fungu dogo la panzi wasio na mabawa wala miguu. Nyenje hakuwapo.

“Tantine!”

Alikuja anafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

“Nani aliweka hivi humu?”

“Miye. Ile nyenje ilikuwa inamutembea kichwani, naye amenyamaza tu. Nikasikia haya. Mugeni yuko ndani ya nyumba yangu, hali, na munamupatia panzi na mabawa yote? Nani anakula hivyo? Nikaitoa nyenje, nikamutengenezea wake. Chumvi sikutia.”

“Uliingiza mkono?”

“Mimi ni mupumbavu? Nilitia kijiko.”

“Kijiko gani?” aliuliza Papa kutoka kitini kwake.

“Ile yako ya supu.”

Papa alinyanyuka kuja kutazama. “Nilisema. Amekufa. Kijiko yangu pia imekufa.”

Mimi pia niliamini amekufa. Niliinama kumtoa, na mguu mmoja ukatikisika. Nikaurudisha mkono. Baadaye gamba la mgongo lilipasuka pembeni, polepole, kama kifuniko kinachosukumwa kutoka ndani, na chini yake nikaona kitu cheupe. Nilichukua kigoda. Akavuta miguu mmoja baada ya mwingine kutoka katika ile ya zamani, anapumzika, anavuta tena. Mvua ilikwisha, jua likashuka, na bado nilikuwa pale. Alipomaliza walikuwa kama buibui wawili, mmoja mtupu, mwingine wa rangi ya maziwa, hata meno yake ni meupe. Panzi wa Tantine walilala pembeni, wasioweza kumfanya kitu.

Tantine alitangaza mtaani kwamba mgeni alikula kwake ndipo akavaa nguo mpya. Nilimwonyesha kwamba panzi wote bado wapo. Akasema pengine alionja. Kama nyenje angemtafuna kweli, hilo sijui mpaka leo. Njia ya kujua ilikuwa moja, na buibui wangu hakuwa wa kujaribia.

Nilisubiri mpaka meno yakawa magumu na meusi tena. Siku ya mlo wa kwanza Tantine alikuja na panzi wa kijani mkononi, tayari kumnyonyoa.

“Toa mabawa, Tantine. Miguu uniachie, asipotembea hatamsikia.”

“Hata hii mirefu?”

“Toa mmoja.”

Alitoa mmoja, akaniangalia, akanipa. Nilimshusha kwa kibano. Panzi alipiga hatua moja, na jike akamrukia kwa kishindo kilichosikika kwenye bati la kopo. Tantine alirudi nyuma mpaka mlangoni, mkono kifuani.

“Yo! Kumbe njaa ilikuwa kweli!” Kisha akarudi taratibu, akainama. “Kula, mama. Kula.”

Papa alitaka kujua kama amenunuliwa kijiko kingine.