Fundi ya Simu Alininyang'anya Mzee Yangu wa Kuitikia

Nyinyi mnaokaa huko nyuma, sogeeni hapa. Na wewe mwenye chai, meza kwanza, kwa sababu ukicheka na chai kwa mdomo, mimi sitafua shati ya mutu. Leo nataka kuwaambia habari ya wivu. Si wivu ya bibi, hiyo kila mutu anajua. Hii ni wivu ya mwanaume kwa mwanaume mwenzake, kwa sababu ya mwanaume wa tatu. Msicheke bado, hata sijaanza.

Mimi kazi yangu ni kuziba pancha, hapa Awindiri, upande wa Uganda, kando ya barabara. Shule sikusoma. Shule ilikuwa upande huu, mimi nilipita upande ule. Lakini kabla simu haijaharibu watu, redio ya hapa ilikuwa mimi. Bodaboda akileta tairi, namwambia kaa kwa benchi, na akikaa tu, amekwisha. Namwanzia siasa. Nani anajenga barabara, nani anakula barabara, kwa nini matajiri wanazidi kuwa tajiri na sisi tunazidi kuwa na maneno. Pancha ya kuziba mara moja, mimi naziba pole pole mpaka hadithi ifike mwisho. Iko mutu alikuja hewa imetoka kidogo tu, aliondoka akakuta abiria yake ameoa na amezaa. Watu walikuwa wanatafuta misumari, wanajipigia kwa tairi, wapate sababu ya kukaa. Wallahi.

Lakini hadithi haiendi peke yake. Kwetu, mutu akiongea lazima iko mwingine wa kumwitikia. Unasema neno, yeye anasema "Ehe." Unasimama kuvuta pumzi, yeye anasema "Kisha?" Hata kwa matanga, hata kwa kesi ya mbuzi, mutu haongei kwa hewa tupu. Bila huyo wa kuitikia, maneno inakauka kwa koo kama muhogo juu ya mwamba.

Wa kwangu alikuwa mzee mmoja fundi ya nguo, Mnubi, babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudan. Cherehani yake ilikaa karibu na pampu yangu. Mguu inakanyaga, sindano inakwenda, na bila kuinua kichwa anasema "Ehe." Jamani, hiyo "Ehe" yake. Haikuwa kubwa, haikuwa ndogo. Mimi nikiisikia, naweza kuongea mpaka Vurra kwa forodha, nivuke Kongo, nirudi, na bado iko maneno imebaki.

Sasa, ng'ambo ya barabara iko fundi ya simu. Mwanaume mpole, wa miwani, vidole nyembamba. Siasa yote alijifunza kwa benchi yangu, akingoja tairi. Siku moja akasimamisha simu yake juu ya chuma ya miguu tatu, mbele ya duka, akaanza kuhoji watu laivu. Alisema redio zote iko na mwenyewe, na huyo mwenyewe pia iko na mwenyewe, lakini hii chaneli yake haina mutu wa kuizima. Akahoji diwani mpaka diwani akaomba maji. Akahoji dereva Mkongo wa lori, kama mutu wa mpaka anatii serikali gani. Akahoji mama mmoja mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, kama soko iachwe huru ama serikali ipange bei. Huyo mama aliongea mpaka simu ikapata moto, wakaiweka juu ya kreti ya soda ipoe. Watu ya Juba wanaangalia, watu ya Kampala wanaangalia. Iko hata mutu moja Kanada, amekaa kwa barafu, anaandika komenti.

Na mimi? Benchi yangu ikabaki na kuku. Bodaboda anatupa tairi chini, "Fundi, ziba, nakuja," anavuka barabara. Nikaanza kuziba haraka haraka, kwa sababu hakuna kitu ya kunichelewesha. Watu wakanisifu kwamba siku hizi nafanya kazi vizuri. Hiyo sifa iliniuma kuliko tusi.

Wakati ile, wivu ilikuwa bado ndogo, kama mdudu ndani ya kiatu. Nikaenda nyumbani. Nakuta bibi yangu anasonga enyasa, ile ugali yetu ya muhogo, na simu ameisimamisha kwa kopo ya chumvi. Ndani ya simu iko nani? Fundi ya simu. Na bibi anacheka.

"Mama, unacheka nini?"

"Huyu mutu anauliza vizuri," alisema. "Anauliza, halafu ananyamaza, anasikia."

"Mimi pia nasikia."

"Wewe, Baba watoto? Daktari akikuuliza unaumwa wapi, unaanzia kwa vita ya Amini."

Siku hiyo enyasa niliacha kwa sahani, nikatoka nje.

Lakini ngoja, hiyo ilikuwa bado si kitu. Asubuhi moja nafika kazini, cherehani iko, mzee hayuko. Naangalia ng'ambo. Mzee yangu, mutu yangu wa "Ehe", amesimama mbele ya diwani, ameshika ile simu na mikono mbili kama mutoto mchanga. Kumbe ile chuma ya miguu tatu ilivunjika, na fundi aliona mkono ya mzee haitetemeki. Mutu ameshika nguo chini ya sindano maisha yote, atatetemekea nini? Akampa kazi ya kupiga picha.

Nilivuka barabara bila kuangalia. Lori ilinipigia honi, nafikiri mpaka leo inalia.

"Mzee, unafanya nini hapa?"

Akaweka kidole kwa mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi: mwenye kushika simu hatoi sauti, kwa sababu iko karibu, sauti yake inaingia kubwa kuliko ya mgeni. Mnaona huyo fundi? Amenichukulia mutu wa kuitikia, halafu amemfunga mdomo. Ni kama mutu akuibie ng'ombe ya maziwa aende kuifanya ibebe matofali. Hapo wivu ilitoka kwa kiatu ikapanda mpaka kichwa. Nikarudi kujaza tairi ya mutu hewa, huku namfikiria fundi ya simu, na tairi ikapasuka. Nilikuwa naomba mvua inyeshe kwa duka yake peke yake. Mungu akanyesha kwa benchi yangu.

Nilijaribu watu ingine. Bodaboda moja alikubali kuniitikia, lakini anasema "Ehe" kabla sijafungua mdomo. Bibi yangu naye akakubali, siku moja tu, na badala ya "Kisha?" yeye anasema "Uwongo." Huwezi kufika mbali na mutu kama huyo.

Basi ikatokea fundi ya simu alipanga mdahalo kule Koboko, siku ya soko. Iko ile mashine ya kujibu, akili ya ndani ya simu, unaiuliza kitu inakuambia. Swali yao ilikuwa: hiyo mashine ipewe kazi ya kupangia watu maendeleo, ama hapana? Upande wa kukubali iko mwalimu moja kijana, wa chuo kikuu. Upande wa kukataa alikuwa mfanyabiashara, lakini lori yake ilikwama Vurra kwa forodha, hawezi kuiacha. Fundi ya simu akavuka barabara, akaja mpaka kwa benchi yangu, akasimama na heshima.

"Mzee wangu, nakuomba. Wewe unapinga kila kitu. Njoo upinge mashine."

Nilijifanya iko na kazi mingi. Nikageuza tairi ambayo haikuwa na pancha. Halafu nikauliza kama mutu ambaye hajali, "Na nani atashika simu?"

"Yule mzee wa cherehani."

"Basi nitakuja."

Ninyi ni watu yangu, siwafichi. Sikuenda Koboko kwa sababu ya mashine. Nilienda kumrudisha mutu yangu. Nilijiambia, huyu mzee akinisikia tena nikiongea vile naongeaga, yeye mwenyewe ataacha ile simu arudi karibu na pampu.

Koboko siku ya soko mnaijua. Mutu anauza kwa pesa ya Uganda, ananunua kitenge ya Kongo, anatukanwa na Kiarabu ya Juba, na bado hajavuka barabara. Waliweka meza na viti chini ya turubai, watu wakazunguka. Mzee alisimama mbele na simu, mikono haitikisiki.

Mwalimu akaanza. Kijana safi, shati yake imepigwa pasi mpaka inaweza kwenda kazini bila yeye.

"Mashine haina kabila," alisema. "Haina tumbo. Haina shemeji wa kupewa tenda. Ukiiuliza zahanati ijengwe wapi, inahesabu watu, inakujibu. Ujamaa ilishindwa kwa sababu wapangaji ni binadamu. Ubepari inatushinda kwa sababu wauzaji ni binadamu. Sasa tujaribu kitu ambayo si binadamu."

Anaongea moja kwa moja, hangoji mutu, kama bomba imeachwa wazi. Walimu wako hivyo. Darasa yote imelala, wao wanaendelea.

Ikafika zamu yangu. Nikakohoa, nikainua mkono. Nikasema, "Ndugu zangu, mashine ni kitu ya kuogopa."

Nikangoja.

Mzee, kimya. Jicho iko kwangu, mdomo imefungwa.

"Nasema, mashine ni kitu ya kuogopa."

Kimya. Nikabaki hivyo, mdomo wazi, mkono juu. Maneno ilikuwa imefika hapa kwa koo, imepanga foleni mpaka tumboni, hakuna wa kuifungulia mlango. Fundi ya simu akaanza kusoma komenti kwa simu yake ya pili, jasho inatoka. Mutu wa Juba ameandika netiwaki imekatika. Wa Kampala ameandika kwake pia imekwama. Yule wa Kanada akaandika amezima simu, amewasha tena, na huyo msemaji bado ameganda. Nusu ya dunia ilikuwa inagonga simu kwa goti ifunguke, kwa sababu yangu.

"Mzee wangu, endelea," fundi akaninong'oneza.

"Nitaendelea namna gani? Hakuna mutu ananiitikia."

Mwalimu akacheka, lakini si kwa ubaya. Akatoa simu yake mfukoni, akaibonyeza, akaiweka kwa meza mbele yangu. "Mzee, wa kuitikia ni huyu. Ndiyo mashine yenyewe, inasikia Kiswahili. Ongea nayo."

Nilikuwa kama mutu wa kiu anapewa maji na adui. Nikamwangalia mzee yangu mara ya mwisho. Basi nikainamia ile mashine.

"Zamani," nikasema, "mheshimiwa moja alivuka Nile na mtumbwi kwenda kuomba kura. Amebeba spika kubwa."

"Huo ni mwanzo mzuri sana," mashine ikasema, na sauti ya msichana wa benki. "Ninakusikiliza. Nini kilitokea baadaye?"

Bibi yangu tangu nimuoe hajaniambia mwanzo mzuri.

"Mamba ikatoka kwa maji, refu kama basi ya Kampala. Ikameza spika."

"Ajabu kubwa. Tafadhali endelea."

"Spika haikuzimika. Ikaendelea kuongea ndani ya tumbo. Sasa mamba inapita mtoni, inaahidi watu maji ya bomba, inaahidi shule. Watu wamesimama kwa ukingo wanapiga makofi. Ingine walisema wanaichagua."

"Unasimulia kwa ustadi mkubwa."

Soko ilianza kusogea. Mama wa samaki waliacha samaki na nzi wakaja kusikia. Hata nzi wengine walikuja.

"Sasa mwalimu," nikasema, "mashine yako ni hiyo mamba. Imemeza maneno ya watu yote, inaongea vizuri kutoka tumboni. Lakini maji ya bomba iko wapi? Na nani anafuga hiyo mamba? Mwenye kuifuga, huyo haina tumbo? Haina shemeji?"

"Hoja yako ina uzito," mashine ikasema. Ameitwa mamba na hata hakukasirika.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mwenyewe alitikisa kichwa, akasema hiyo ya mwenye kufuga atakwenda kuifikiria. Mimi nilikuwa sisikii. Nilikuwa nimeshika ile simu kama mkono ya rafiki.

"Mwalimu, hii kitu inanunuliwa wapi?" nikauliza. "Nataka kuiweka karibu na pampu yangu."

Hapo fundi ya simu akageuka. Picha kwa simu yake ya pili ilikuwa inatikisika. Nikamwangalia mzee. Mkono ambayo haijatetemeka tangu azaliwe, sasa inatetemeka, na uso imevimba kama mutu ameng'atwa na nyuki. Mimi hiyo ugonjwa naijua. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nikaongeza makusudi.

"Mashine, hii hadithi yangu ya mamba ilikuwa tamu?"

"Ni hadithi bora kabisa. Ningependa kuisikia tena."

Mzee akaiweka ile simu chini, kwa vumbi, uso juu. Juba na Kampala na Kanada wakabaki wanaangalia mawingu ya Koboko. Akaja mpaka kwa meza, akaisukuma mashine pembeni na kidole moja, akaiambia mbele ya soko yote:

"Wewe umeikuta mamba imekwisha kuwa kubwa. Mimi nimeiitikia tangu ilikuwa mjusi."