Mvua Ilipoanza, Nilikuwa Nimeshaanua

Kiingereza kilinikaba kooni mahali pamoja: pale penye mambo mawili yaliyopita, moja likiwa limelitangulia jingine. Mwalimu wangu wa jioni kule Gungu alirudia mpaka sauti ikamkauka. Mimi, kwa ubishi wangu, nikamwambia yaliyopita si ndwele. Akacheka.

"Sisi tugange yajayo, dada. Waingereza wanataka kujua kwanza lipi lilianza."

Nami nilikitaka Kiingereza hicho kwa udi na uvumba. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi, na mimi nilishachoka kuanika dagaa Bangwe.

Asubuhi ya usaili mama alikuwa msibani Ujiji. Nikavaa blauzi nyeupe, nikatoka. Kufika barabarani, naona wingu jeusi limeifunika milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Wingu la upande ule halidanganyi. Nilikasirika karibu nilie: kwa nini leo? Lakini dagaa wakinyeshewa wanaoza, na desturi ya ufukweni kwetu ni kwamba aliyepo huanua wa wote. Nikamwacha bodaboda wangu akilalamika, nikarudi. Nikaanua wa mama, kisha wa majirani waliokwenda naye msibani.

Nilifika hotelini nimechelewa, nimelowa, nanuka dagaa. Mwanamke aliyekuwa akisaili aliniuliza kwa Kiingereza ni nini kilichonichelewesha. Yote niliyokariri yaliyeyuka. Nikamjibu tu, kwa Kiingereza hichohicho, kwamba mvua ilipoanza nilikuwa nimeshaanua dagaa wa mama. Maneno yalitoka yamejipanga yenyewe, nikashangaa.

"Wa mama peke yake?"

"Na wa majirani."

Aliitazama blauzi yangu kwa muda, kisha akahamia Kiswahili. "Jumatatu njoo uanze kazi. Ila hiyo ufue."

Nilirudi nyumbani mbiombio. Mama alikuwa ameshafika, anachochea moto. Nilimpa habari, akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia. Furaha ilipotulia nikamuuliza kama hakuwa na wasiwasi mvua ilipowakuta kule msibani, maana alijua nina usaili.

"Wenzangu waliinuka wakimbilie dagaa wao," alisema. "Nikawaambia, kaeni. Binti yangu ameshaanua."