Mama Mkwe Alivuta Kitanzi Changu Ili Duara Litoe Dhahabu

Admin, naomba unifichie jina, huku Katoro tunajuana sana. Nina miaka 28, watoto wanne, na mume wangu ni mchimbaji, ana duara, yaani shimo la dhahabu, pamoja na wenzake. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho hakijanitoka mpaka leo, maana mambo aliyonifanyia mama mkwe, Jumatatu anakwenda kumfanyia mwanamke mwingine.

Nilipojifungua huyu wa mwisho niliwekewa kitanzi cha uzazi wa mpango palepale, baada ya kondo la nyuma kutoka. Mume wangu alikubali mwenyewe, tena alimwambia nesi, "Weka tu dada, tumechoka." Nikarudi nyumbani na mama mkwe akaja kunikanda maji ya moto kama ilivyo kawaida yetu. Wiki za mwanzo sikuwa na shida yoyote.

Kumbe duara lilikuwa limekauka, mume wangu na wenzake wanapandisha mawe matupu. Wakaenda kwa mganga, naye akawaambia kuna mmoja wao mke wake ana shaba tumboni, yaani ile ya kitanzi, ndiyo inayofukuza dhahabu. Jamani! Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku hiyo mimi nilijua nakandwa tu. Mama mkwe akaniambia nichuchumae, akainama, mara nikasikia vidole vyake ndani. Vidole anavyochotea ugoro, kucha nyeusi, na maji ya kunawa hajayagusa. "Tulia ng'wanawane, mwanangu, kuna uzi manesi wameusahau," huku anavuta. Nililia kama mtoto. Kitanzi hakikutoka, kilishuka nusu.

Hazikupita siku nyingi nikashikwa na homa, tumbo la chini linakata, usaha unanitoka na harufu iliyonitapisha mimi mwenyewe. Mume wangu akahamia sebuleni, kila akipita anatema mate. Mama mkwe naye kazi yake ikawa kutangaza kisimani, "Chuma cha hospitali kimemwozesha." Yaani aliyeniingizia uchafu ndiye aliyekuwa anaziba pua!

Jirani akanipeleka hospitali kwa bodaboda. Nesi aliponipima aliniuliza, "Mama, nani ameuvuta huu uzi wa kitanzi?" Nikamweleza yote. Akasema kitanzi kikiwekwa kwa vifaa safi baada ya kujifungua, maambukizi yanaweza kutokea lakini kwa wachache, na haya yangu yameletwa na mkono mchafu. Wakakitoa kwa sababu kilikuwa kimeshahama, wakanilaza na kunichoma sindano.

Mume wangu alikuja kuniona akiwa anacheka. Nimelala na dripu, yeye anacheka! "Duara limetoa, mama watoto. Kitanzi kimeguswa tu, mawe yakaanza kung'aa. Mama alikuwa anatusaidia." Ndipo akanisimulia habari za mganga bila hata kuona aibu. Nilimwangalia nikaona siwezi hata kuvumilia anishike mkono.

Sasa mke wa mwenzake wa duara amejifungua na amewekewa kitanzi. Wamemwita mama mkwe akamkande. Wanachotaka nakijua, yule dada hajui. Nilipomwambia mume wangu kwamba nitakwenda kumweleza ukweli, alibadilika sura. "Thubutu. Utarudi kwenu Tinde, na watoto utawaacha hapa. Usituharibie riziki." Huyu mdogo bado ananyonya.

Mimi nimepona, lakini chakula anachopika mama mkwe hakipiti kooni. Naangalia vidole vyake kwenye ugali, nasukuma sahani. Nikinyamaza, yule dada ataoza kama nilivyooza mimi, na huenda asipate wa kumkimbiza hospitali. Nikisema, nalala bila wanangu. Nimechanganyikiwa kabisa.

Asubuhi hii yule dada amenitumia meseji, ananishukuru kwa kumruhusu mama mkwe aende kwake, eti amesikia ana mkono mzuri. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngemjibu nini?