Mlinianza Nikiwa Maiti

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nikujibu kabisa: chai ya rangi, kikombe kimoja, saa nne asubuhi. Na jambo lenyewe lilitokea saa tisa alasiri, kwa hiyo usiniletee habari za usingizi wala za giza la usiku. Nimechoka kusimulia halafu mtu ananichekea puani. Usipoamini njoo Kibondo, nitakuonyesha benchi.

Mimi nina kibanda umiza hapa mjini. Kuna wanaosema ukumbi wa video, lakini kaa kwenye mabenchi yangu saa tatu mfululizo, utajua jina lipi ni sahihi. Naonyesha mpira, na siku zisizo na mpira naweka muvi za nje huku nimeshika maiki natafsiri. Watu wananiita Dijei. Sasa nikwambie jambo ambalo watafsiri wenzangu hawatakwambia: Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nikielewa natafsiri, nisipoelewa natunga. Na wahusika wote nawapa majina ya kwetu, maana ukimtajia mzee wa kijijini Kumsenga majina kumi na mawili ya Kizungu, nusu saa haijaisha keshapotea, anaanza kuuliza huyu nani na yule nani. Ndivyo kazi yetu ilivyo, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mwaka jana Bwana Shaaban, mtu wa Tanga mwenye duka la kurushia muvi kwenye flashi pale Kasulu, alinipa sizoni moja ya zamani. Mji mdogo milimani, baridi tupu. Mke wa mfuga nyuki anakutwa amekufa kwenye bwawa. Basi anakuja mpelelezi kutoka mji mkubwa, mrefu, mpole, na kila akitaka kufikiri anamenya yai la kuchemsha. Watu walimpenda yule bwana mpaka wakanikera. Tukamwita Mayai. Wateja wakawa wanakuja na mayai yao mfukoni, yeye akimenya na wao wanamenya, mimi ndiye ninayebaki kufagia maganda. Sehemu ishirini na mbili, wiki saba nzima, tunatafuta nani kaua. Leo padri, kesho mpeleka barua, keshokutwa yule kichaa wa stendi. Vicheko tele. Na mwanamke mwenyewe? Alikuwa picha ukutani. Tunaonyeshwa amelala kwenye baridi, midomo imebadilika rangi, halafu haoo, tunarudi kwenye mayai.

Nilihitaji jina la kumpa. Nikaangaza huku na huku, macho yakatua kwenye benchi la nyuma, la mtumba, nililolipata kwa fundi seremala mmoja. Kwenye ubao wa kuegemea mtu alikuwa amechora kwa msumari: YUSTINA. Nikasema kwenye maiki, "Marehemu anaitwa Yustina." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Katika wiki hizo saba dada yangu Skola, ninayemfuata kuzaliwa, alikuja mara tatu kutoka Busunzu alikoolewa. Mara ya kwanza alikuja na maharage kwenye kikapu, akakaa nyuma, akaniambia, "Kaka, nina neno." Nikamwambia asubiri sehemu ya nane iishe. Ilipoisha nilikuta kikapu tu. Mara ya pili alikuja amejifunga kitambaa kichwani, kimeshuka mpaka shingoni. Nikamtania, "Kumbe umekuwa dada wa mjini, kimekupendeza." Akatabasamu, akakaa kidogo, akaondoka. Mara ya tatu alisimama mlangoni mvua inanyesha, mimi niko katikati ya sehemu ambayo Mayai anamhoji padri. Nikainua maiki juu, nikamwonyesha. Maana yake, huoni niko kazini?

Na shemeji yangu, usimsahau huyo. Alikuwa shabiki wa Mayai namba moja. Kila Jumamosi lazima aje, ananiletea asali ya porini, anacheka kuliko wote. Mume wa marehemu alipolia kwenye mazishi, kwenye sehemu ya pili, akina mama walilia naye, na shemeji alifuta macho. Mtu mpole. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema: shemeji yangu ni mtu mpole sana.

Sizoni ilipoisha Bwana Shaaban akanipigia simu. "Mdogo wangu, ile hadithi ina muvi yake. Yaeleza mambo ya kabla, bibi wa watu angali hai."

"Mayai yumo?"

"Anatokea mwisho, dakika mbili tu."

"Sasa hiyo nani ataiangalia, Bwana Shaaban?"

"Wewe nawe! Ndiyo bora kuliko sizoni nzima. Sizoni yakuuliza nani kamwua. Muvi yakuuliza nani alikuwa akimwona."

Tulibishana mpaka salio lake likaisha. Nikasema mimi najua wateja wangu, yeye akasema mimi sijui hata ninachokitafsiri. Lakini nikaichukua.

Nikaiweka siku ya Jumanne, saa nane mchana. Balaa. Ile muvi haina utani hata kidogo. Dakika kumi za mwanzo, hata kama hukuona sizoni, umeshajua muuaji ni mume, yule yule tuliyelia naye. Anakaa mezani, anaomba chumvi kwa adabu, na mkewe anaipitisha macho yakiwa chini. Mwanamke anakwenda kwa padri, padri ana haraka. Anakwenda kwa mpeleka barua, naye ana baiskeli yake. Watu wale wale tuliowacheka wiki saba ndio hao wanaomwambia subiri. Wateja wakaanza: "Wapi Mayai? Dijei, tuwekee Mayai!" Dereva mmoja wa kule kambini Nduta akasema nimewaletea msiba mchana. Nami, nikwambie ukweli, niliwaunga mkono. Muvi gani hii ya kumkalisha mtu roho juu wakati mwisho anaujua? Nikaikata katikati. Wakatoka wanalalamika, mvua ikawa imeshika, nikabaki nazungusha nyaya kwa hasira.

Nilipogeuka nikaona mwanamke bado amekaa benchi la nyuma. Kijana, kitenge cha kijani, mikono mapajani. Sikumbuki kumwona akiingia.

Nikamwambia banda limefungwa. Akapiga viganja taratibu, akanisalimia kwa Kiha, lugha yetu, ile salamu ndefu ya akina mama, na ukishasalimiwa hivyo huwezi kumfukuza mtu. Nikaitikia huku nimekunja uso.

"Umekata," akasema.

"Nimekata, mama. Haina wateja."

"Malizia."

Hebu fikiria. Nimezomewa na watu arobaini, halafu mmoja anabaki kunipangia kazi. Nikamwambia sizoni ilikuwa nzuri, muvi mbaya, hata mtoto analiona hilo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki saba umenionyesha nimekufa," akasema. "Nionyeshe niko hai, siku moja tu."

Nikajua huyu hayuko sawa, na wa namna hiyo unamkubalia ili aondoke. Nikaiwasha. Akasema, "Tafsiri." Nikauliza, kwa mtu mmoja? Akasema, kwa mtu mmoja. Nikachukua maiki, nimenuna kabisa.

Ilikuwa ile sehemu mwanamke anakwenda kwa kaka yake mwenye mashine ya kusaga. Mashine inanguruma, kaka hata hageuki. Mwanamke anaongea. Sikuelewa hata neno moja, nikafungua mdomo nitunge kitu kuhusu unga. Niamini, nilitaka kusema unga. Kwenye spika nikasikia sauti yangu inasema:

"Kaka, nimekuja mara tatu. Mara ya kwanza ulisema sehemu ya nane iishe kwanza. Mara ya pili ulisema kitambaa kimenipendeza. Mara ya tatu ulinionyesha maiki."

Ile muvi haina sehemu ya nane. Haina maiki. Nilifunga mdomo, nikaubana kwa mkono, na ile sauti ikaendelea kutoka, yangu kabisa, na mafua yangu ya wiki ile: "Sasa amechukua na simu yangu. Leo amenunua kufuli."

Hapo ndipo nilipogundua feni imesimama. Muziki wa saluni ya jirani umezimika. Taa ya amplifaya imezimika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na kioo cha televisheni yangu kinaonyesha kama kawaida. Nikamtazama yule mwanamke miguuni. Unaijua Kibondo wakati wa mvua, ule udongo mwekundu unaopanda mpaka magotini. Sakafu yangu yote ilikuwa tope la miguu ya wateja. Yeye alikuwa peku, na nyayo zake zilikuwa safi.

Nikasoma ubao wa benchi kando ya bega lake.

"Yustina," nikasema. Sijui nguvu ya kulitamka niliitoa wapi.

"Mlinianza nikiwa maiti," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Nilipozikwa kila mtu aliuliza. Kabla ya hapo hakuuliza hata mmoja. Dada yako bado yuko kwenye ile ya kabla. Kimbia."

Kioo kikazimika. Nilipowasha tochi ya simu benchi lilikuwa tupu, na pale alipokuwa amekaa palikuwa pakavu, wakati bati langu linavuja pande zote.

Sikufunga hata mlango. Nikamkamata kijana wa bodaboda, nikamwambia Busunzu, akasema njia haipitiki. Nikamwambia tutaisukuma. Tuliisukuma mara mbili, tukaanguka mara moja, na njia nzima nilikuwa najitukana. Nilikuwa naijua ile hadithi neno kwa neno. Niliitafsiri mwenyewe kwa kinywa changu.

Nikamkuta shemeji amekaa barazani, miguu ameinyoosha, anaangalia mvua. Akafurahi kuniona. "Karibu Dijei. Leo hakuna Mayai?"

Nikauliza Skola yuko wapi. Akasema amekwenda kwa mama yake mdogo. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli jipya, bado lina karatasi ya dukani.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Wanaume wanne walimshika yule bwana, mimi na kijana wa bodaboda tukavunja mlango kwa mpini wa jembe. Skola alikuwa chini, ameegemea gunia, kile kitambaa bado kichwani. Nikakifungua. Sitakueleza nilichokiona, ila sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kutoa usaha, jeraha la siku nyingi. Akanigeukia.

"Sehemu ya nane imeisha?" akaniuliza.

Mimi ni mtu wa maneno, maneno ndiyo kazi yangu. Siku ile nililia tu, pale pale mbele za watu.

Kesi iko mahakamani, kwa hiyo habari za shemeji naziacha huko. Daktari alisema sikio halitasikia tena. Akamuuliza Skola ni lini alipigwa mara ya kwanza, Skola akataja siku, nami nikapiga hesabu kichwani: ni baada ya kuja na kikapu cha maharage. Alipokuja siku ile, sikio lilikuwa zima. Alikuja kunieleza kuwa anaogopa. Kuogopa tu. Hilo nalibeba, na usinipe pole, pole zako hazinisaidii.

Nilimrudia yule fundi nikamuuliza benchi alilitoa wapi. Akasema kwenye nyumba moja Kumsenga, mwenye nyumba alikuwa anahama baada ya kumzika mkewe. Nikauliza mke alikufa na nini. Akasema watu waliuliza sana msibani. Nikauliza na kabla ya msiba? Akaendelea kupiga randa.

Tangu siku hiyo mambo mawili hayajaniacha. La kwanza, nikimtafsiria mwanamke yeyote kwenye kioo siwezi kutunga. Nikijaribu, sauti haitoki, watu wanadhani maiki imekufa. Imebidi nijifunze Kiingereza uzeeni, na mwalimu wangu ni mkali. La pili, wateja wapya wakiitaka ile sizoni ya Mayai, nawawekea kwanza ile ya kabla. Wananizomea vile vile. Nami nawajibu: hutaki, toka. Bwana Shaaban anajisifu huko Kasulu kwamba alinishinda hoja. Mwache ajisifu.

Nawe uliyekaa hapo unanisikiliza, nakuonya, tena nakuonya kwa ubaya. Akija mtu wako akakaa nyuma akasema ana neno, zima hiyo televisheni. Usimwambie subiri. Kufa akishakufa kila mtu ni mpelelezi, mtakula mayai wiki saba na hamtamsaidia kitu. Mimi nilitumiwa mtu wa kunikimbiza. Wewe usitegemee kutumiwa.

Benchi lipo, sijaliuza. Halikaliwi na mtu, na hakuna anayekatazwa. Skola naye sasa yuko hapa kwangu. Jioni nikishika maiki anaweka kiti chake kushoto kwangu, ili sikio lililobaki liwe upande wangu. Na akinigusa bega, hata kama ni katikati ya muvi, hata watu wapige kelele vipi, nazima.