Ukuta Uliokwepwa na Mto

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana mwenyekiti wa mwethya wetu, kikundi cha kazi ya pamoja, karibu na Mbumbuni. Cheo kilikuwa kimenipanda kichwani. Mama zetu walitembea nusu siku kutafuta maji, nami niliwaahidi ukuta wa kukatiza mto wetu wa mchanga. Mvua ikija, mchanga ungejaa nyuma ya ukuta na maji yangebaki humo hata kiangazi.

Nilichagua pale mto unapopiga kona, kwa sababu ni karibu na barabara na wageni wangeuona ukuta vizuri. Usicheke, hata wewe unapenda kupigwa picha! Kiangazi kizima wanawake walibeba mawe vichwani wakiimba, nami nikielekeza kwa kidole.

Mvua ikanyesha. Nilienda mbio, nikakuta ukuta umesimama wima, mzuri kabisa, na mto umeukwepa. Ulikuwa umekula ukingo na kupita kando. Nilitamani ardhi inimeze.

Susu Syombua, bibi mkongwe jirani yetu, alikuja na fimbo yake, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hata ukuta yetu ilienda hivyo hivyo," akasema. "Hapa hapa. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa."

"Susu! Na mbona hamkutuambia?"

"Tuliona haya. Kitu imetushinda, tutaitangazia nani? Na wewe, kijana, uliuliza mtu?"

Akanishika mkono, tukafuata mto mpaka penye mwamba pande zote mbili, ambapo maji hayangeweza kula ukingo. Wenzake walipagundua hapo wakiwa wamechoka mno, hawana nguvu ya kuanza upya. Mwaka uliofuata tulijenga pale, na safari hii nilibeba mawe. Kiangazi kilipofika, mama yangu alienda kuchota maji akarudi chai yangu haijapoa. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai yenyewe.

Basi mwanangu, hiyo simu yako irekodi wazee wangali wanaongea. Waulize kuhusu matuta yaliyozuia udongo na miti iliyoshika, lakini waulize pia kilichowashinda, maana hicho hawatakuambia wenyewe. Ukishajua, usikifiche. Waambie wa Kibwezi, waambie na wa Kitui. Na wewe ukikosea, sema wazi, ili mwingine asiwabebeshe mama zake mawe ya bure. Mungu akupe miaka mingi, na moyo wa kujicheka mbele ya wajukuu wako.